Nguo Haina Ghorofa

Waliniletea ndani ya foronya, Ijumaa baada ya sala,
dada wawili, kila mmoja ameshika pembe yake
kama washikao jeneza.
"Ikate," akasema Bi Somoe.
"Kati kwa kati," akasema Bi Rehema,
"na upinde ncha zisifumuke."

Mimi ni mshona kofia. Najua kutoboa,
najua kuzungushia uzi mweupe kitobo cheupe
mpaka mato yaume.
Nguo kama hii sijapata kuilaza magotini:
nyekundu ya komamanga lililopasuka lenyewe,
nyuzi za dhahabu zimepita, zikarudi, zikapita,
nzito hata bega likivikwa hujua limevikwa.

Nyanya yao, Mwana Nuru, aliipata Makka
katika hija yake ya kwanza na ya mwisho.
Alilala chumba kimoja na mwanamke wa Minangkabau,
ng'ambo huko Sumatra,
na lugha yao ya pamoja ilikuwa ya sala tu:
huyu Alhamdulillahi, yule Amin,
na baina ya hayo mawili wakacheka siku kumi.
Siku ya kuagana yule alivua begani,
Mwana Nuru akavua kikuku cha fedha.
Kisha yule akaonyesha pambo lake: vidole viwili
vikatembea juu ya nguo, polepole, kimoja nyuma ya kingine,
halafu kiganja shavuni, mato akayafumba.

Miaka sitini nyumba nzima ya Mkomani iliamini
ni watu waendao kulala.
Wengine, wenye roho nzito, walisema waendao kuzikwa,
na hao hawakuitaka karibu na bibi harusi.

Nikainama na miwani ya baba.
Nikaona shingo. Zimepinda.
Mabata, jamani!
Mabata warudio nyumbani jioni, mmoja nyuma ya mwenziwe,
kama wale wa Langoni wakatao njia mbele ya duka la Famau
hata mtu na punda wake akasimama wapite.

Nikawahesabu. Arubaini na mmoja.
Nikaanza tena kutoka ncha ya pili. Arubaini na mmoja.
Mkasi ukishika katikati
utampitia wa ishirini na mmoja tumboni.

Nyumba waligawana bila ya mimi,
juu kwa Bi Somoe, chini kwa Bi Rehema,
kwa kuwa kwetu nyumba hufuata mabinti
na mume huja na sanduku lake.
Hata zidaka walihesabiana, hata zamu ya kisima.
Lakini nguo haina ghorofa.
Na Tima wa juu aolewa mfungo mosi,
Nasra wa chini siku tisa baadaye,
na kila mama ataka bega la mwanawe ling'are
japo kwa nusu.

Jumatatu walimtuma kijana. Nikasema mkasi butu.
Jumatano nikasema uko kwa fundi wa magodoro.
Alhamisi wakaja wenyewe, wamenikasirikia pamoja
(tangu arubaini ya mama yao
sikuwahi kuwaona upande mmoja)
nami, mtu wa sala tano, nikatoa uwongo mkavu:
"Umepotea."

Nilichofanya ni kutia nyuzi tatu palipofumuka,
pamba ya manjano, dhahabu sina.
Ukikaribisha taa utamwona bata mmoja
asiyeng'aa, ameachwa nyuma kidogo.

Tima aliivaa. Kisha ikashuka ngazi
katika foronya ileile, na udi na jasho la juu.
Nasra akaivaa. Ikapanda.
Tangu hapo hupanda, hushuka,
na kila mwaka yaniletea uzi mwingine uliokatika.
Hukaa barazani pangu, huyu na pembe hii, yule na ile,
wakingojea sindano,
wakisutana kwa bei ya samli.
Na Bi Somoe huuliza, bila kunitazama:
"Ule mkasi, fundi, haujaonekana?"

Bado, nasema.
Bado natafuta.